Figo Nzima, Maumivu Yasiyokwisha

Bukavu, mtu akikwambia mafigo yanamuuma, tazama kwanza mkono wake unaelekea wapi. Mara nyingi unashuka chini, karibu na makalio, pale mkanda wa suruali au fundo la kitenge linapokaa. Figo haziko huko. Ziko juu zaidi, nyuma kabisa ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, na mbavu za mwisho zinazifunika nusu. Kila moja ina urefu wa sentimita kama 11. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari huku Kadutu. Nimezichora ubaoni miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi hushangaa wakijipapasa mgongoni na kukuta ziko juu hivyo. Mama anayepanda kutoka Beach Muhanzi na gunia la makala mgongoni, mkanda umemkaza paji la uso, akifika nyumbani jioni akasema mafigo yamekufa, kinachomuuma karibu kila mara ni misuli na maungio ya mgongo. Anastahili kupumzishwa na kutibiwa mgongo, si kuuziwa dawa ya figo.

Maumivu yangu yako hapohapo figo zilipo: chini ya ubavu wa mwisho wa kulia, kwa nyuma. Ni mazito, hayachomi, yanakaa. Kuna siku nafundisha vipindi vyote bila kuyakumbuka, na kuna usiku yananiamsha nikakaa kitandani hadi kengele ya misa ya kwanza. Yalianza na ugonjwa uliojulikana. Nilishikwa na homa, nikatetemeka, mkojo ukaniunguza. Maabara ikakuta vijidudu, nikapewa antibiotiki, homa ikaisha, mkojo ukasafika. Maumivu peke yake hayakuondoka.

Nimepimwa kinachopimika. Mkojo kwa kile kikaratasi cha rangi kinachochovywa, mkojo uliowekwa maabara kuona kama vijidudu vitaota, kreatinini kwenye damu, ekografi, na mwisho nikavuka Ruzizi nikapanda basi la Kigali kwenda kupigwa skana. Majibu yanafanana: figo mbili za ukubwa wa kawaida, hakuna jiwe, hakuna uvimbe, njia za mkojo hazijaziba. Daktari aliyenisomea karatasi ya mwisho aliikunja, akanirudishia, akasema: “Madamu, huna kitu.”

Alikuwa na haraka, na barazani watu walikuwa wamejaa wakingoja. Sina kinyongo naye. Lakini alichokuwa na haki ya kusema ni kwamba hawakuona kitu cha hatari. Hiyo ni habari njema, tena ni jibu lenye thamani. Kumwambia mgonjwa hana kitu ni kumwambia kwamba anachokisikia mwilini hakipo, naye anatoka mlangoni na maumivu yaleyale, safari hii bila shahidi.

Kwetu pengo la namna hiyo halikai wazi. Ukishuka tu barabarani muuza dawa amekwishajua: “Ni mchanga huo, mama, mchanga kwenye mafigo.” Ni kweli mawe madogo yapo, na ni kweli ekografi inaweza kuyakosa. Lakini ekografi hiyohiyo huonyesha pia vidoa vyeupe ambavyo si mawe, na skana ndiyo inayoamua. Tena mchanga uliotulia ndani ya figo bila kuziba njia kwa kawaida hauelezi maumivu ya kila siku. Jiwe likishuka na kuziba mrija hujitambulisha lenyewe: maumivu yanakuja yakipanda na kushuka, yanaelekea kinenani, mtu hawezi kukaa wala kulala, anatapika. Aliyewahi kuumwa hivyo hasahau.

Mchanga ni dhana isiyomdhuru mtu mwingine. Nyumbani nilikutana na mbaya zaidi. Shangazi yangu alisikiliza habari za skana hadi mwisho, akauliza ninakunywa chai na nani shuleni. Nilielewa anakokwenda. Huku kwetu Bushi, ugonjwa usioonekana hospitalini mara nyingi huitwa karuho, sumu ambayo watu wanaamini hutegwa kwenye chakula au kinywaji, na wapo wanaojulikana kwa kuitibu kwa kutapisha. Shangazi hakuwa na nia mbaya. Alinipenda na alitaka nipone. Alichotaka ni jina. Nilikataa kutaja jina, na nitaendelea kukataa. Mwaka 2021, kutoka Kalehe, Kabare na Mwenga, zilitoka habari za wanawake waliouawa, wengine kwa kuchomwa moto, kwa tuhuma za uchawi tu. Katika mkoa wetu maneno “hakuna kitu” kwenye karatasi ya hospitali yanaweza kumfikia mama wa watu asiyejua lolote, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwako. Kwa hiyo ninapowaomba madaktari waeleze vizuri, siombi kubembelezwa.

Sasa turudi kwenye figo zenyewe, maana hapa kuna jambo ambalo wengi wanalielewa kinyume. Nyama ya figo haina neva za maumivu. Kinachouma ni ganda jembamba linaloifunika, likivutwa kwa uvimbe, na mirija inayoteremsha mkojo, ikizibwa au ikikaza. Figo zinachuja lita kama 180 za maji ya damu kila siku, nyingi zinarudishwa mwilini, na lita moja na nusu au mbili hivi ndizo zinazotoka kama mkojo. Kazi hiyo yote inaweza kuharibika polepole, miaka na miaka, bila mtu kusikia chochote. Presha na kisukari, ambavyo ndivyo vinavyoongoza kwa kuua figo, huziua kimya. Mlinzi mmoja wa shule yetu hakuwahi kulalamika kiuno hata siku moja. Alipovimba miguu na kwenda kupimwa ndipo ilipojulikana presha yake ilikuwa juu tangu zamani na figo zimekwisha nguvu. Mimi ninayelala nimejishika ubavu, kreatinini yangu ni nzuri na mkojo wangu hauna protini. Kuumwa si kipimo cha uzima wa figo, na kutoumwa pia si kipimo.

Kipimo cha kuanzia ni rahisi: presha mkononi, na kikaratasi kwenye mkojo kutafuta protini na damu. Watafiti wa hapahapa Bukavu, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya protini kwenye mkojo wa watu wanaofuata matibabu ya VVU mjini kwetu, na mojawapo ya maswali yao lilikuwa kikaratasi hicho kinaaminika kiasi gani. Sisi walimu wa sayansi tunapaswa kujivunia kazi ya namna hiyo na kuitaja darasani.

Kama figo ziko salama, nini kinauma? Daktari aliyenisaidia zaidi alikuwa mzee, wa kituo kidogo cha afya, na hakuwa na mashine yoyote. Aliniambia nilale chali, akanipapasa taratibu kwa ncha ya kidole kimoja, kuanzia kitovuni, akizunguka ubavu hadi mgongoni, akiuliza kila hatua: hapa? na hapa? Akasimama palipouma. Kisha, kidole kikiwa hapohapo, akaniambia niinue kichwa na mabega bila kutumia mikono. Ni kipimo cha zamani, kilichoelezwa na daktari wa upasuaji wa Marekani, Carnett, mwaka 1926. Tumbo likikazwa hivyo, maumivu yakizidi, shida iko kwenye ukuta wa tumbo, labda neva ndogo iliyobanwa, na sindano ya ganzi mahali hapo inaweza kuyaondoa papo hapo. Yangu hayakuzidi wala kupungua. Akanigonga pingili za mgongo moja moja, maana kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo huku na hujificha hivyo. Akatazama ngozi kama kuna alama za mkanda wa jeshi. Akauliza kuhusu hedhi, kuhusu chakula cha mafuta na nyongo, kuhusu kupungua uzito, kuhusu jasho la usiku.

Alipomaliza akavuta kiti, akakaa. “Mama mwalimu,” akasema, “kinachouma kweli kinauma. Mimi sikijui chanzo chake, lakini najua vitu vingi ambavyo sicho.” Akavitaja kimoja kimoja na kuniandikia kwenye karatasi. Karatasi hiyo ninayo. Kila ninapoonana na muganga mpya naitoa kwanza, na imeniokoa kurudia vipimo vilivyokwishajibu.

Alinieleza pia kwamba upo ugonjwa wenye sura kama yangu. Mwaka 1967 madaktari wa Uingereza, Little, Sloper na de Wardener, waliandika juu ya wanawake vijana waliokuwa na maumivu makali ya kiuno na damu kwenye mkojo bila jiwe, bila vijidudu, bila kansa. Hadi leo chanzo chake kinabishaniwa. Wengine wamekatwa neva za figo, wengine figo yao imetolewa na kupandikizwa mahali pengine mwilini mwao wenyewe, na bado kwa baadhi yao maumivu yamerudi. Mimi sina damu kwenye mkojo, kwa hiyo ugonjwa huo si wangu. Lakini nilifarijika sana kujua kwamba hata kwenye hospitali zenye kila mashine wapo watu wanaoambiwa kama nilivyoambiwa.

Baada ya hapo nilianza kusoma, na nilichokisoma kimebadili namna ninavyofundisha mfumo wa neva. Neva zinazobeba habari za figo huingia kwenye uti wa mgongo mahali palepale zinapoingia neva za misuli, mbavu na ngozi ya kiuno, na ubongo unapata shida kujua habari imetoka wapi hasa. Tena njia hiyo si waya tu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba uti wa mgongo una kama lango linaloweza kufunguka zaidi au kujifunga, na ndiyo maana mtoto akijigonga tunamsugua na anatulia. Mwaka 1983 Clifford Woolf, mzaliwa wa Afrika Kusini, akathibitisha kwa majaribio kwamba baada ya jeraha neva za uti wa mgongo zenyewe zinaweza kuongezeka ukali. Zinabaki zimeamka. Ni kama mlinzi wa usiku aliyewahi kuvamiwa: hata wezi wakiwa wamekwishakimbia, paka akiruka ukuta anapiga filimbi mtaa mzima uamke. Filimbi ni ya kweli na usingizi uliokatika ni wa kweli, ingawa mwizi hayupo.

Shirika la Afya Duniani linahesabu maumivu yanayozidi miezi mitatu kuwa ni maumivu sugu, na katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, maumivu sugu yasiyoelezwa na ugonjwa mwingine yamepewa nafasi yake yenyewe. Yanahesabiwa ugonjwa kwa haki yake. Inawezekana maambukizi ya kwanza ndiyo yaliyoziamsha neva zangu. Hakuna anayeweza kunithibitishia, na nimekubali kuishi na maelezo hayo kwa sababu yananipa la kufanya.

Pia yanaeleza kwa nini mwaka 2025 ulinizidia. Mwezi wa Februari wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, benki zilifungwa, mshahara ukakwama, na usiku tulilala tukisikiliza. Ubavu wangu uliuma kuliko wakati wowote tangu ile homa. Hakuna kilichokuwa kimebadilika ndani ya figo. Kilichobadilika ni usingizi na hofu, na hivyo viwili ndivyo vinavyolipanua lango.

Mji huu unapaswa kulijua jambo hili kuliko miji mingi. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dk. Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, haikuishia kwenye kushona majeraha ya wanawake. Iliweka pamoja matibabu ya mwili, msaada wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na wa kumrudisha mama kwenye kazi na maisha yake. Ulimwengu unakuja Bukavu kujifunza hilo. Sisi wenyewe tukiumwa ubavu bado tunadhani mtu aliyeulizwa habari za usingizi wake ameitwa kichaa.

Hilo lilinipata. Yule daktari mzee aliniandikia amitriptilini, dozi ndogo sana, ya usiku. Ni dawa ya zamani ya huzuni iliyogunduliwa kwamba kwa kiasi kidogo hutuliza neva zinazopiga kelele na humsaidia mtu kulala. Ndugu mmoja akasoma karatasi iliyomo ndani ya pakiti, na kabla ya Jumapili ukoo mzima ulikuwa unasema madamu anakaribia kupelekwa SOSAME, kituo chetu cha magonjwa ya akili. Nilikaa nao nikawaeleza kama ninavyoeleza darasani, kwa mchoro. SOSAME inafanya kazi ya heshima na hakuna aibu kutibiwa pale, lakini mimi dawa hii naitumia kwa ajili ya neva za mgongo. Asubuhi za mwanzo kinywa kilikuwa kikavu na kichwa kizito. Baadaye vikapungua. Maumivu hayakuisha, yalishuka kutoka mahali pa kunizuia hadi mahali pa kunisumbua, na tofauti hiyo ndiyo iliyonirudisha ubaoni.

Kuhusu dawa nyingine nasema kwa nguvu zote nilizo nazo. Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kila kona ya mji huu, vidonge na sindano, na watu wanazitumia kila siku kwa “mafigo”. Dawa hizi hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mtu mzima mwenye afya, kwa siku chache, mara nyingi hakuna neno. Kwa mwenye presha, kwa mzee, kwa aliyeharisha au kufanya kazi juani bila kunywa maji, na kwa anayezimeza miezi kwa miezi, zinaweza kuziharibu kweli figo ambazo zilikuwa nzima. Mtu anaanza akiwa na maumivu yasiyo na ugonjwa, anamalizia na ugonjwa usio na maumivu. Parasetamoli ni salama zaidi kwa figo, ilimradi mtu mzima asipite gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa siku nzima. Ikizidi hapo ini ndilo linaloumia.

Na mitishamba? Siidharau, bibi yangu alitulea nayo. Ila mwaka 1993 madaktari wa Brussels waliripoti wanawake ambao figo zao ziliharibika haraka baada ya kunywa mchanganyiko wenye mimea ya Kichina wa kupunguza unene. Mmea unaweza kuua figo bila kumwonya mtu, na chupa isiyoandikwa kilichomo mimi siinywi.

Maisha ya kila siku nimeyapanga upya kwa mambo madogo. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo maji yanapoletwa kwangu yanagawanywa kwenye bidoni za lita 5 na nabeba moja kila mkono. Mlima wa kwenda shuleni naupanda kwa miguu, taratibu, kwa sababu mwendo unanisaidia na pikipiki kwenye mashimo yetu inaniumiza. Naondoka mapema na kusimama kwa mama anayeuza sambaza, tunasalimiana, nusu ya mlima imekwisha. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye kitenge naiweka ubavuni usiku. Maji nakunywa ya kutosha mkojo uwe na rangi hafifu. Waliokuwa na mawe wanahitaji zaidi ili mengine yasijitengeneze, lakini kujilazimisha ndoo nzima hakujanisaidia chochote.

Muhimu kuliko yote ni daftari. Siandiki ukali wa maumivu, maana kuyapima kila saa kulinifanya niyasikilize zaidi. Naandika nilichofanya: nimefundisha, nimefua nguo za watoto, nimekwenda kwenye kilio Bagira, nimelala saa ngapi. Nilipolisoma baada ya muda niliona kitu ambacho hakuna mashine ingenionyesha. Siku mbaya hazikufuata siku za kazi. Zilifuata usiku mbaya, na zilifuata siku zile nilipojisikia nafuu nikafanya kazi za wiki nzima kwa pamoja. Tangu hapo siku nzuri naimaliza ningali na nguvu, na siku mbaya sikai kitandani hadi jioni. Mume wangu naye ameacha kuniuliza “inauma?” kila nikisimama, ananiuliza tutapika nini.

Na muganga wangu tumekubaliana. Mara moja kwa mwaka napimwa presha, mkojo na kreatinini. Ekografi nyingine au skana nyingine haitafanywa kwa sababu ya maumivu haya haya. Fedha hizo ni karo ya watoto. Itafanywa kitu kikibadilika, na mambo ya kuhesabiwa kuwa mabadiliko nimeyaandika kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la daftari, mume wangu na binti yangu mkubwa wanayajua: homa na kutetemeka, damu kwenye mkojo, mkojo kupungua sana au kukatika, kutapika nisiweze kushika hata maji, uso au miguu kuvimba, miguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu, kupungua uzito bila sababu. Mojawapo likitokea, hata usiku wa manane, tunatafuta motari na tunakwenda.